Umri na Rika: Tunapimaje Haki kati ya Vijana na Wazee katika Sera za Serikali?

Katika mjadala wa wanafunzi wa mwaka wa pili uliofanyika muhula uliopita hapa idarani, mada iliyowekwa mezani ilikuwa "Serikali ya Uganda inawapendelea vijana kuliko wazee." Kama ilivyo desturi yetu, kundi moja liliunga mkono hoja na jingine likaipinga. Waliounga mkono walitaja mikopo ya vijana, wabunge wa vijana na elimu ya msingi isiyolipiwa karo. Waliopinga walitaja fedha za kila mwezi ambazo baadhi ya wazee hupewa bila kudaiwa kuzirudisha. Makofi yalipigwa pande zote mbili. Kisha msichana mmoja, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akanyosha mkono: "Mwalimu, bibi yangu ana miaka sabini na kitu. Ndiye aliyenilea, na mpaka leo ndiye anayenitafutia nauli ya kurudi chuoni. Yeye si kijana, na kwa hesabu ya serikali bado hajawa mzee wa kupewa fedha. Tumweke upande gani?"

Muda ulikuwa umekwisha na ukumbi ulihitajika na watu wengine, kwa hiyo swali lile halikujibiwa. Makala haya ni jaribio la kulijibu. Hayana nia ya kumpa mshindi wa mjadala, bali ya kueleza kwa nini mjadala wenyewe uliwekwa vibaya tangu mwanzo, na mimi niliyeitunga mada ile nakubali kosa ni langu.

Tuanze na lugha, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Kuna maneno mawili ambayo siku ile yalichanganywa na karibu kila msemaji: umri na rika. Umri ni hesabu ya miaka aliyo nayo mtu, na hubadilika kila mwaka. Rika ni watu waliozaliwa wakati mmoja au nyakati zinazokaribiana, wakakua pamoja na kupitia mambo yale yale. Watu wa pwani hutumia pia neno hirimu. Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya kila siku "watu wa rika zote" ni sawa na kusema watu wa umri wowote, lakini kwa ajili ya makala haya tuyatenganishe. Mtu hutoka katika umri mmoja akaingia mwingine. Rika lake haliachi.

Wanafunzi wetu wanaotoka Karamoja hawana haja ya kufafanuliwa sana jambo hili. Kwao, kwa jadi, mwanamume huingizwa katika kundi la kizazi chake kwa kuchinja ng'ombe dume mbele ya wazee, na kizazi cha wana hakiwezi kushika mamlaka mpaka kizazi cha baba kiyakabidhi. Makabidhiano yakicheleweshwa, wana huota mvi wakiwa bado wanahesabiwa vijana. Utaratibu huo unaonyesha wazi kwamba kuwa kijana au mzee si jambo la mwili peke yake. Kuna mtu, au baraza, linaloamua mstari upite wapi.

Serikali za kisasa nazo huamua hivyo hivyo, ila kwa sheria. Nchini Uganda sera humhesabu kijana kuwa mtu wa miaka 18 hadi 30. Ukivuka mpaka kuingia Kenya, Katiba ya nchi hiyo ya mwaka 2010 inampa ujana mpaka siku anapotimiza miaka 35. Mkataba wa Vijana wa Afrika, uliopitishwa Banjul mwaka 2006, unasema miaka 15 hadi 35. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Busia mwenye miaka 33 ni kijana asubuhi akiwa upande mmoja wa barabara, na jioni si kijana tena. Kuhusu wazee, sheria ya Uganda ya mwaka 2013 iliyounda Baraza la Taifa la Wazee inamtambua mzee kuanzia miaka 60. Hiyo ndiyo tafsiri ya sheria. Tafsiri ya fedha ni nyingine, na hapo ndipo bibi wa mwanafunzi wetu aliponasa.

Kabla ya kufika huko, kuna jambo moja la msingi. Je, ni haki hata kidogo kumpa mtu kitu kwa sababu ya umri wake na kumnyima mwingine? Serikali ikiwapa watu wa kabila moja na kuwanyima wa jingine, aliyenyimwa hatabadilika kabila kesho, na hiyo ni dhuluma bila ubishi. Umri si hivyo. Anayenyimwa leo kwa kuwa ana miaka 40 atafika 70 Mungu akimjalia, na anayepewa leo akiwa na 70 aliwahi kuwa na 40. Ukiutazama mwaka mmoja tu, utaona ubaguzi. Ukiyatazama maisha yote ya mtu, utaona zamu. Ndiyo maana mtoto kusomeshwa na mzee kutunzwa havigombani.

Lakini zamu huwa haki kwa sharti kwamba foleni isivurugwe. Mstari ukisogezwa mbele wakati mtu anaukaribia, au ukipita kwa jirani na usipite kwake, basi rika moja linakuwa limetoa katika zamu ya kutoa na halikupokea katika zamu ya kupokea. Kwa hiyo swali la "vijana wanapata ngapi na wazee wanapata ngapi" halitufikishi mbali. La kuuliza ni: watu waliozaliwa mwaka fulani walitoa nini na walipata nini tangu kuzaliwa kwao?

Ruzuku ya wazee na mstari unaohama

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika malengo yake ya taifa, inaitaka dola kufanya matayarisho yanayofaa kwa ajili ya ustawi na matunzo ya wazee. Kwa miaka 15 kifungu hicho kilibaki maneno mazuri. Watumishi wa serikali walikuwa na pensheni na kiinua mgongo chao, vinavyotoka moja kwa moja katika kodi. Wafanyakazi wa makampuni walikuwa na akiba yao katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, mwajiri akichangia asilimia 10 na mfanyakazi asilimia 5. Mkulima, muuza ndizi na mvuvi hawakuwa na chochote, nao ndio walio wengi.

Mwaka 2010 ukaanzishwa mpango wa majaribio wa kuwapa wazee ruzuku ya fedha taslimu, kwa msaada wa serikali za Uingereza na Ireland. Ulihusu wilaya 15, miongoni mwake Kiboga, Kyenjojo, Katakwi, Nebbi na Moroto. Mzee alistahili akifikisha miaka 65, na huko Karamoja miaka 60 kwa kuwa watu wa huko huishi miaka michache zaidi. Kiasi kilikuja kutulia kwenye shilingi 25,000 kwa mwezi. Si fedha nyingi, lakini aliyewahi kuishi kijijini anajua maana ya kuwa na uhakika wa chumvi, sabuni na daftari la mjukuu.

Mwaka 2015 mpango ulipoanza kupanuliwa kwenda wilaya nyingine, fedha hazikutosha, ikaamuliwa kwamba katika kila kaunti ndogo wachukuliwe wazee 100 walio wakongwe kuliko wote. Msomaji afikirie orodha hiyo ikisomwa hadharani. Wa 100 alipewa. Wa 101, aliyezaliwa pengine wiki moja baadaye, alirudi nyumbani mikono mitupu. Hatimaye katika mwaka wa fedha wa 2020/21 ruzuku ilienezwa nchi nzima, lakini kwa wale waliofikisha miaka 80. Walioandikishwa zamani katika wilaya za majaribio waliendelea kupokea. Kwa hiyo katika nchi moja, chini ya katiba moja, palikuwa na mzee wa miaka 70 aliyepokea na mzee wa miaka 79 ambaye hakupokea, na tofauti yao ilikuwa upande wa mto waliojenga nyumba.

Majirani zetu walichora mistari yao kwingine. Zanzibar ilianza kuwalipa pensheni jamii wazee wote wa miaka 70 na zaidi mwaka 2016, kwa shilingi za Tanzania 20,000 kwa mwezi, na baadaye kiasi kikaongezwa. Kenya nayo ilianza mwaka 2018 kuwalipa wenye miaka 70 na zaidi shilingi za Kenya 2,000.

Marika matatu

Sasa tuyafuate marika matatu kama mtu anavyofuata ng'ombe kwa nyayo.

La kwanza ni rika la mwaka 1940, lililotimiza miaka 80 wakati ruzuku ilipoenea nchini. Lilikuwa na miaka 22 Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962. Wanaume wa rika hili, pamoja na wanawake waliokuwa na ajira, walilipa kila mwaka kodi iliyozoeleka kuitwa kodi ya kichwa. Asiye na stakabadhi alilala vichakani aliposikia kwamba askari wa kodi watapita alfajiri. Waliokuwa wakifanya kazi katika reli na posta za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikuwa na miaka 37 Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, na wengi wao walihangaikia mafao yao kwa miongo kadhaa. Mwaka 1987, wakiwa na miaka 47, serikali ilibadilisha sarafu: sufuri mbili zilikatwa, kisha ikachukuliwa kodi ya asilimia 30 katika ubadilishaji huo. Aliyekuwa na shilingi 100,000 za akiba alijikuta na shilingi mpya 700. Kukatwa sufuri peke yake si hasara, kwa sababu bei nazo zilikatwa. Hasara ilikuwa ile asilimia 30, juu ya mfumuko wa bei uliokwisha kuitafuna akiba hiyo kwa miaka mingi. Tena katika miaka hiyo hiyo ya 1980 na 1990 UKIMWI uliwachukua watoto wao, wakaanza kulea upya. Anayesema wazee hawa wanapewa "fedha ya bure" hajapiga hesabu.

Rika la pili ni la mwaka 1990. Hawa walikuwa na miaka 7 elimu ya msingi kwa wote ilipoanzishwa mwaka 1997, na idadi ya wanafunzi ikapanda kutoka takribani milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 kwa mwaka mmoja. Wengine walisomea chini ya mwembe, lakini walisoma. Kodi ya kichwa iliposimamishwa mwaka 2005 walikuwa na miaka 15, kwa hiyo hawakuwahi kuilipa. Mwaka wa fedha wa 2013/14 mpango wa serikali wa kuwakopesha vijana ulipoanza, walikuwa na miaka 23. Mkopo ule ulitolewa kwa vikundi vya watu 10 hadi 15, bila riba kama ukirudishwa ndani ya miezi 12. Marejesho yalikuwa hafifu, na si ajabu: watu 10 wanaokutana kwa ajili ya fomu hawajawa kikundi. Kisha Julai 2018 ikaja kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Haikutaja umri wa mtu, lakini kila mtu alijua simu zile zilikuwa mikononi mwa nani. Kwa mwezi ni shilingi 6,000, yaani vijana wanne walitoa 24,000, karibu sawa na ruzuku ya mzee mmoja. Kodi hiyo iliondolewa Julai 2021 na badala yake ikawekwa asilimia 12 kwenye vifurushi vya intaneti. Mwaka huo huo rika la 1990 lilitimiza miaka 31, likatoka katika ujana wa kisheria.

Mwaka 2018 ulileta na kodi nyingine ambayo katika mjadala wetu haikutajwa na upande wowote, nayo ni ile ya fedha zinazotumwa kwa simu. Ilianza kwa asilimia 1, na baada ya malalamiko ikapunguzwa hadi asilimia 0.5 ya fedha zinazotolewa. Mjukuu aliye Kampala akimtumia bibi shilingi 50,000, bibi anapozitoa hukatwa shilingi 250, mbali na ada ya kampuni. Kiasi ni kidogo, lakini tazama inakatwa wapi. Kwa familia nyingi za nchi hii, simu ndiyo pensheni ya wazee na ndiyo karo ya watoto. Ukikata hapo huwezi kusema umewatoza vijana wala umewatoza wazee. Umewakata wote wawili wakiwa wanapeana mkono.

Rika la tatu ni la bibi wa mwanafunzi wetu. Kitambulisho chake cha taifa kinasema alizaliwa mwaka 1948. Mwaka 1987, akiwa na miaka 39, akiba ya mumewe iliyeyuka kama ya wengine. Elimu ya msingi kwa wote ilikuja akiwa na 49, ikawasaidia wajukuu wake, si yeye wala watoto wake wakubwa. Mwaka 2013, mwaka wa mikopo ya vijana, alikuwa na miaka 65. Angekuwa Kiboga angepokea ruzuku, lakini wilaya yake haikuwa ya majaribio. Orodha ya wazee 100 haikumfikia, maana palikuwa na wakongwe kuliko yeye. Mwaka 2020 alikuwa na 72, na mstari ukawekwa 80. Kila alipoukaribia ulikuwa umekwisha hama.

Kuna la ziada, ambalo msichana huyo alinieleza baadaye ofisini. Ule mwaka 1948 ulikadiriwa. Wakati wa kuandikishwa karani alimuuliza bibi alikuwa mkubwa kiasi gani Kabaka Mutesa wa Pili alipopelekwa uhamishoni Uingereza, yaani mwaka 1953. Bibi akajibu kwamba alikuwa akichota maji. Karani akaandika miaka 5. Sisi tuliokulia kijijini tunajua kwamba mtoto wa miaka 5 huchota kwa kibuyu kidogo na wa miaka 8 huchota kwa mtungi, na hakuna aliyemuuliza bibi alichukua chombo gani. Tofauti ya miaka mitatu ni miezi 36, na miezi 36 kwa shilingi 25,000 ni shilingi 900,000.

Hoja ya gharama na hoja ya deni

Wanaotetea mstari wa miaka 80 wana hoja, na si haki kuipuuza. Sensa ya mwaka 2024 ilihesabu watu milioni 45.9 nchini, na takribani nusu yao wana umri chini ya miaka 18. Nchi yenye watoto wengi namna hii ina madarasa ya kujenga na chanjo za kununua, na kila shilingi ina wenyewe watatu. Lakini hesabu hiyo hiyo ina upande wa pili: ambapo watoto ni wengi, wazee ni wachache. Wenye miaka 60 na zaidi ni kama mmoja katika kila watu 20, na wenye miaka 70 ni wachache kuliko hao. Nchi changa kwa umri ndiyo yenye nafasi ya kuwatunza wazee wake kwa gharama ndogo. Ikingoja mpaka rika la 1990 lizeeke, mzigo utakuwa mkubwa mara nyingi na desturi ya kutunza haitakuwapo.

Wengine husema wastani wa maisha ulikuwa miaka 63 kwa sensa ya 2014, kwa hiyo miaka 80 ni dhihaka. Hapa tuwe waangalifu. Wastani huo huhesabiwa tangu kuzaliwa, na huvutwa chini na vifo vya watoto wachanga. Aliyekwisha kufika 60 ana matumaini ya kuishi miaka mingi zaidi ya mitatu. Hata hivyo, wengi wao hawafiki 80, na wanaokufa kabla huwa ni maskini kuliko wanaofika, kwa hiyo mstari wa juu huwanyima hasa wale ambao ruzuku ilikusudiwa wao.

Kuhusu deni la taifa nitasema kwa ufupi. Husemwa kwamba kila mkopo wa serikali ni wazee kula na vijana kulipa. Si kila mkopo. Bwawa la umeme la Karuma, lenye uwezo wa megawati 600, lilijengwa kwa mkopo wa China na kuzinduliwa mwaka 2024. Watakaolilipia ndio watakaowashiwa taa. Mkopo wa kulipia posho za mikutano ni habari nyingine.

Tangu mwaka 2021 Bunge la Uganda lina wabunge watano wanaowakilisha wazee, sawa na watano wa vijana. Hiyo ni hatua njema, ila inaweza kutuzoesha kudhani kwamba kuna timu mbili uwanjani. Kwa maoni yangu, mstari mmoja wa miaka 70 kwa wilaya zote, hata kama utafikiwa kwa kushuka mwaka mmoja mmoja, ungekuwa na haki kuliko kiwango cha 80 chenye vighairi vya wilaya, kwa sababu kila rika lingejua mapema zamu yake ni lini. Tena kiasi cha ruzuku kingefungamanishwa na bei za vitu, maana shilingi 25,000 zilizokaa pale pale kwa takribani muongo mmoja si fedha ile ile. Anayeanza kupokea leo anapokea pungufu ya aliyeanza mwanzo.

Basi nimjibu mwanafunzi wetu. Bibi yako asiwekwe upande wa waliounga mkono wala wa waliopinga. Yeye ni wa rika lililotoa zamu yake kamili, na hesabu yake bado iko wazi. Nilipomwambia hivyo alicheka, akasema hesabu amekwisha kuipiga mwenyewe: kwa kitambulisho, bibi atafikisha 80 mwaka 2028. Kwa mtungi, alikwisha fikisha 2025.